Saini za Farm 17

Mei 12, 1975, katika kambi ya FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, iliyokuwa Nachingwea, kusini mwa Tanzania, Mchungaji Uria Simango alisimamishwa mbele ya wapiganaji na wageni, akasoma maungamo yaliyojaza kurasa zipatazo 20. Huyu ndiye aliyekuwa makamu wa rais wa FRELIMO tangu chama hicho kilipoundwa Dar es Salaam Juni 25, 1962. Siku hiyo alisoma kwamba amelisaliti taifa lake, akaomba apelekwe kuelimishwa upya. Sauti yake ilirekodiwa na bado ipo. Waliochunguza historia ya Msumbiji hawana shaka kwamba maungamo yale yalitoka kinywani mwake tu, hayakutoka moyoni.

Watu wanaokusanya saini na hati za wanasiasa wenye utata wangezitolea karatasi zile fedha nyingi. Ughaibuni kazi hiyo ni biashara kamili, ina wataalamu wake, ina minada yake London na New York, na ina matapeli wake. Bei hupandishwa na umaarufu, na uchache, na ubaya pia: karatasi yenye jina la dikteta huweza kuuzwa ghali kuliko barua ya waziri mwadilifu aliyekufa usingizini. Ndiyo maana mwaka 1983 jarida la Stern la Ujerumani lilimwaga mamilioni kununua shajara zilizodaiwa kuwa za Hitler, kumbe zimeandikwa na tapeli mmoja aitwaye Konrad Kujau. Uchunguzi wa karatasi na wino ndio uliomuumbua.

Nachingwea na wilaya jirani ya Ruangwa hakuna mnada wa namna hiyo. Kuna kitabu cha wageni.

Kipo juu ya meza ya mtendaji wa kata, kipo kwa mwalimu mkuu, kipo zahanati, kipo katika ofisi ya chama cha msingi panapopokelewa korosho na ufuta. Kwa kawaida ni kaunta buku nene lenye jalada gumu, lililopigwa mistari kwa rula na bolpeni ya bluu: tarehe, jina, cheo, anakotoka, sababu ya kuja, maoni, saini. Mgeni wa kila siku husaini akiwa amesimama, nusu ya akili iko kwenye pikipiki aliyoiacha nje. Akija mkubwa, shughuli hubadilika. Meza hutandikwa kitambaa, hutafutwa kiti chenye mikono, mwalimu mkuu hufungua ukurasa mpya ili jina la mheshimiwa lisikae chini ya jina la fundi aliyekuja kuzibua choo, na mpiga picha huambiwa asogee. Kwenye safu ya maoni mheshimiwa huandika pongezi mbili tatu na kuhimiza watu wachape kazi. Saini hupigwa kwa mkupuo mmoja. Kitabu hufungwa, kikarudi kabatini, na pengine hakifunguliwi kwa haja hiyo tena hadi ziara nyingine.

Kwa mtindo huo serikali imejikuta ndiyo mkusanyaji mkubwa wa saini za wanasiasa nchini, bila kukusudia na bila kuchagua. Kitabu cha wageni hakijui nani atafukuzwa kazi mwaka ujao, nani atahamia upinzani, nani atafikishwa mahakamani. Humwandika kila aliyefika. Hapo ndipo kinapomzidi mkusanyaji wa mnadani, ambaye husubiri kwanza mtu apate sifa, nzuri au mbaya, kisha ndiyo aanze kumtafuta.

Saini yenye utata kuliko zote katika historia ya nchi hii ilitiwa mbali na Nachingwea. Novemba 1884 Carl Peters alipita Usagara na karatasi zilizoandikwa Kijerumani, akazipatia alama za watawala wa huko, akiwamo Mangungo wa Msovero. Kila mtoto wa Tanzania aliyekaa darasa la historia anamjua Mangungo, na wengi walicheka waliposimuliwa. Anaonewa. Alitia alama kwenye maandishi asiyoweza kuyasoma, kwa lugha asiyoisikia, mbele ya mgeni aliyejua vizuri anachokifanya.

Kusini kuna mfano mwingine ambao ungestahili kufundishwa saa hiyohiyo. Mwaka 1890 Machemba, mtawala wa Wayao aliyekuwa na ngome yake katika uwanda wa Makonde, aliitwa pwani na Hermann von Wissmann, kamanda wa Wajerumani. Machemba alijibu kwa barua ya Kiswahili. Alikataa kwenda, na alitoa sababu zake kwa heshima na kwa ukali: haoni kwa nini amtii mtu huyo, urafiki anaukubali, utumwa haukubali. Barua imesalia kwa sababu aliyeandikiwa aliitunza. Mara nyingi hati za mpinzani hutunzwa vizuri zaidi na adui yake kuliko na jamaa zake. Machemba aliendelea kuwasumbua Wajerumani hadi mwaka 1899, walipomtumia jeshi akavuka mto Ruvuma kuingia Msumbiji.

Miaka sita baadaye, Agosti 1905, Vita vya Majimaji vilifika kwa Wamwera, wenyeji wa Nachingwea na Ruangwa, na misheni ya Nyangao ikateketezwa. Viongozi wa vita vile hawakuacha saini. Tunachokijua juu yao kwa maandishi kimeandikwa zaidi na watu waliowasaka.

Kisha zikaja karanga. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango wa kulima karanga Tanganyika ili kuziba upungufu wa mafuta ya kula baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Zilichaguliwa sehemu tatu: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Lengo lilikuwa zaidi ya ekari milioni tatu, kwa gharama ya pauni milioni 25. Mwanasiasa aliyebeba msalaba wa mpango huo alikuwa John Strachey, Waziri wa Chakula wa Uingereza, mjamaa aliyekuwa akisemwa tangu kabla ya vita kwa maandishi yake ya kuunga mkono ukomunisti. Kusini ilijengwa bandari ya Mtwara, na reli ikatandikwa kutoka Mkwaya, karibu na Lindi, ikafika Nachingwea mwaka 1949. Matrekta yalivunjikia kwenye visiki, ardhi ikakauka ikawa ngumu, mvua haikufuata ratiba ya London. Mwaka 1951 mpango ulifutwa na pauni milioni 36 zikahesabiwa kuwa hasara. Strachey alizomewa bungeni kwao. Reli nayo haikudumu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilikuwa imefungwa.

Yote hayo yaliendeshwa kwa saini za watu waliokaa mbali, na kwa vidole gumba vya vibarua waliosimama foleni ya mshahara. Kilichobaki Nachingwea ni nyumba, barabara zilizonyooka na namba za mashamba. Shamba namba 17 likaendelea kuitwa Farm 17 hata baada ya waliolihesabu kuondoka.

Ardhi hiyo ndiyo Tanzania iliyowapa FRELIMO katikati ya miaka ya 1960. Mahali palikuwa pazuri kwa kazi hiyo: majengo yapo, uwanja wa ndege upo, mpaka hauko mbali, na macho ya watu ni machache. Wakufunzi kutoka China walifika. Wapiganaji walifunzwa hapo, wakalima chakula chao wenyewe, kisha wakapelekwa kuvuka Ruvuma. Samora Machel, aliyekuwa ameshika uongozi wa mafunzo na baadaye ulinzi baada ya Filipe Magaia kuuawa Oktoba 1966, aliifanya Nachingwea kuwa mahali pa kupikia taifa jipya: Mmakonde, Mmakua na Mshangaani walikula sahani moja na kuamriwa kwa lugha moja.

Februari 3, 1969, Eduardo Mondlane alifungua kifurushi Dar es Salaam. Ndani mlikuwa na kitabu, na ndani ya kitabu mlikuwa na bomu. Baada ya kifo chake FRELIMO iliweka urais wa watu watatu: Simango, Machel na Marcelino dos Santos. Haikufika mwaka. Novemba Simango alitoa waraka kuwashutumu wenzake hadharani, akaenguliwa, na Mei 1970 Machel akawa rais.

Sasa mtu afikirie karatasi moja tu, barua ya FRELIMO ya mwaka 1968 yenye saini ya Uria Simango. Mwaka ule ilikuwa barua ya kiongozi, ungeweza kuionyesha getini ukafunguliwa. Mwaka 1970 ilikuwa barua ya mtu aliyefukuzwa. Mei 1975 ilikuwa barua ya msaliti, na kukutwa nayo katika kambi ile kungemtia mtu matatani. Mwanawe Daviz Simango alichaguliwa meya wa Beira mwaka 2003, akaanzisha chama cha MDM mwaka 2009, na alipofariki Februari 2021 ndugu yake Lutero akakishika chama. Kwa waliokuwa wakipiga kura hizo, ile barua ya 1968 ni urithi. Wino haukubadilika hata nukta.

Simango hakuwa peke yake kizimbani. Alikuwapo Lázaro Nkavandame, aliyewahi kuwa mwenyekiti wa FRELIMO jimbo la Cabo Delgado na ambaye mwaka 1969 alijisalimisha kwa Wareno. Alikuwapo Joana Simeão. Alikuwapo Paulo Gumane. Baadhi yao walikuwa wamefanya makosa mazito, na Nkavandame hawezi kutetewa kirahisi na mtu yeyote aliyepoteza ndugu upande wa pili wa Ruvuma. Lakini hawakupewa mahakama ya maana. Walipelekwa Niassa, kaskazini ya Msumbiji, wakauawa kwa siri, na serikali ilichukua miaka mingi kabla ya kukiri kwamba hawako hai. Mke wa Simango, Celina, naye aliuawa baadaye.

Mambo hayo yalianzia Nachingwea, ndani ya Tanzania, siku chache kabla Samora hajavuka Ruvuma kuanza safari yake ya ushindi hadi Maputo. Tanzania hujivunia mchango wake katika ukombozi, na ina haki. Watu wa Lindi, Mtwara na Ruvuma waliishi na vita hivyo mlangoni. Ila ukurasa wa Mei 12 husimuliwa kwa nadra. Farm 17 leo ni jina la shule ya sekondari. Wanafunzi wake wanastahili kuambiwa kwamba palikuwa na gwaride na palikuwa na maungamo.

Saini ya Mtanzania iliyopita njia kama ya Simango ni ya Oscar Kambona. Mzaliwa wa kando ya Ziwa Nyasa, alikuwa waziri wa mambo ya nje na mwenyekiti wa kwanza wa Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU), iliyoanza kazi Dar es Salaam mwaka 1963. Karatasi yenye jina lake ilifungulia vyama vya ukombozi milango mingi. Mwaka 1967 alikimbilia London baada ya kukosana na Mwalimu Nyerere, na mwaka 1970 barua zake zilikuwa sehemu ya ushahidi katika kesi ya uhaini iliyomtia hatiani Bibi Titi Mohamed na wenzake. Haihitaji maelezo mengi kwa nini aliyekuwa na barua ya Kambona nyumbani miaka hiyo hakuitundika ukutani. Kambona alirudi nchini mwaka 1992, akafa mwaka 1997, na barua zile sasa zingekuwa dhahabu kwa mwandishi wa historia. Ngapi zilisalimika?

Anayedhani saini ni mambo ya watu wasio na kazi akumbuke Dodoma ya mwaka 2014. Bunge Maalumu la Katiba lilikuwa likijadili muundo wa Muungano, na wajumbe wa upinzani wakadai ionyeshwe hati halisi iliyosainiwa Aprili 22, 1964 na Mwalimu Nyerere na Mzee Karume. Wengine walidai haipo. Wengine, ilipotolewa nakala, wakazitilia shaka saini zenyewe na kuzilinganisha na saini nyingine za viongozi hao. Ikabidi Katibu Mkuu Kiongozi, Ombeni Sefue, awaite waandishi wa habari na kuwaonyesha hati. Nusu karne ya Muungano ilikuwa imefikia mahali pa watu kukodolea macho mkunjo wa herufi.

Mkulima wa korosho wa Nachingwea hakuhitaji kwenda Dodoma kuona saini za wakubwa. Zilikuwa mfukoni mwake. Noti za kwanza za Tanzania, zilizoanza kutumika Juni 14, 1966, zilikuwa na saini ya Amir Jamal, Waziri wa Fedha, na ya Edwin Mtei, Gavana wa kwanza wa Benki Kuu. Mtei baadaye akawa Waziri wa Fedha, akagombana na Mwalimu mwaka 1979 juu ya masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa, akajiuzulu, na mwaka 1992 akawa mwasisi wa CHADEMA. Kwa hiyo mwasisi wa chama kikuu cha upinzani aliwahi kuweka saini yake katika kila nyumba ya Tanzania yenye noti, wakati nchi ina chama kimoja Bara na kingine Visiwani.

Noti za mwaka 2003 nazo zina kisa chao. Zina saini ya Basil Mramba, waziri, na ya Daudi Ballali, gavana. Ballali alifukuzwa kazi Januari 2008 kufuatia ukaguzi uliofichua wizi katika akaunti ya madeni ya nje, maarufu kama EPA, ambako zilipotea shilingi bilioni 133. Alifariki Marekani Mei mwaka huohuo bila kufikishwa mahakamani. Mramba, kwa shauri tofauti lililohusu msamaha wa kodi kwa kampuni ya kukagua dhahabu, alihukumiwa kifungo na Mahakama ya Kisutu Julai 2015. Noti zilizobeba majina yao ziliendelea kununua unga na mafuta ya taa kama kawaida.

Ruangwa ilikatwa kutoka Nachingwea mwaka 1995, kwa hiyo vitabu vyake vya wageni kwa jina la wilaya bado ni vichanga. Lakini vina saini ambayo wilaya nyingi hazina kwa wingi huo: ya Kassim Majaliwa, mwalimu wa zamani, aliyekuwa mbunge wa Ruangwa kuanzia 2010 hadi 2025 na Waziri Mkuu kuanzia Novemba 2015 hadi Novemba 2025. Waziri Mkuu huyo aliporudi kwao hakupumzika. Alifungua darasa hapa, kisima kule, na kila mahali kilifunguliwa kitabu. Mji una uwanja wa mpira wenye jina lake, ambako Namungo FC huwakaribisha vigogo wa Ligi Kuu.

Katika soko la saini, wingi huo hushusha bei. Kwa mwandishi wa historia ni kinyume chake. Anaweza kuzipanga kwa tarehe na kuona ziara zilikuwa zikifuata nini. Chukua Novemba 2018. Wakulima wa korosho walikuwa wamegoma kuuza kwa bei ya mnada, Rais Magufuli akawaondoa mawaziri wa kilimo na biashara, akatangaza serikali itanunua kilo kwa shilingi 3,300 na jeshi litasomba. Malori ya jeshi yakaingia maghalani. Kisha ukaja uhakiki: nani ana shamba, nani ni kangomba, yaani mlanguzi aliyenunua kwa mkulima kwa bei ya kutupa. Katika eneo la RUNALI, chama kikuu cha ushirika cha Ruangwa, Nachingwea na Liwale, kama kwingineko kusini, malipo yalisubiriwa kwa miezi. Katika msimu kama huo, nani alifika ghalani, tarehe gani, na aliandika nini kwenye safu ya maoni, ni ushahidi ambao hotuba haiwezi kuutoa.

Majaliwa mwenyewe hakukosa utata. Machi 2021, akiwa Njombe, aliwaambia waumini msikitini kwamba Rais yu mzima na anachapa kazi. Siku tano baadaye kifo cha Magufuli kikatangazwa. Wapo wanaomlaumu hadi leo, wapo wanaouliza alikuwa na jambo gani lingine la kusema. Kitabu cha wageni hakitoi hukumu katika hilo. Kinaonyesha tu mahali alipokuwa na siku aliyokuwapo, nalo ndilo jambo la kwanza ambalo mtafiti atalitafuta.

Kazi ya kukusanya kwa makusudi imewahi kufanywa. Mradi wa Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika (SADC) uliopewa jina la Hashim Mbita, Katibu Mtendaji wa Kamati ya Ukombozi hadi mwaka 1994, ulitoa mwaka 2014 majuzuu tisa ya historia ya ukombozi wa Kusini mwa Afrika, yakiwamo masimulizi ya watu wa kawaida. Ni kazi kubwa. Hata hivyo haikuweza kufika kwenye kila kabati la kata, na kabati ndilo lenye shida. Mchwa wa kusini hawana adabu, paa la ofisi huvuja, na kaunta buku lililojaa huonekana ni takataka. Karatasi zake hufungia vitumbua.

Tanzania ina Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002, na ina Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Mwalimu mkuu wa Nachingwea au mtendaji wa kijiji cha Ruangwa mwenye kitabu cha wageni cha miaka ya 1970, 1980 au 1990 asikitupe na asichane ukurasa wa mtu ambaye siku hizi hatajwi. Akifunge kwa plastiki, aandike juu yake jina la ofisi na miaka, akipeleke halmashauri na kudai stakabadhi. Na kama kuna mzee wa karibu na Farm 17 mwenye barua, kitambulisho au picha yenye maandishi ya mkono kutoka kambi ile, wajukuu wake wamsaidie kuinakili sasa, angali anakumbuka aliyeiandika.